JIKO LA GESI LINAPOKATAA KUWAKA: FUNGA KWANZA, TAFUTA SABABU BAADAYE

TAARIFA KWA WANANCHI

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya masheha, wajumbe wa kamati za shehia na akina mama wa vikundi vya ushirika, kuhusu matumizi ya majiko ya gesi majumbani. Yanachapishwa hapa ili yawafikie wananchi wa Unguja na Pemba ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.

Ndugu Mwenyekiti,
Ndugu Masheha na Wajumbe wa Kamati za Shehia,
Ndugu Wananchi,

Leo nazungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka linaweza kuonekana dogo. Jambo lenyewe ni jiko la gesi la nyumbani lisilowaka, au linalowaka kwa taabu. Nimekuja kuzungumzia yale yanayotokea jikoni mwetu alfajiri, wakati chai ya watoto wa skuli haijatelekwa, au jioni ya mwezi wa Ramadhani, wakati muhogo wa futari bado haujaiva, na mama anazungusha kifungo cha jiko mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na moto hautoki.

Wakati huo ndipo haraka inapoingia, na haraka ndiyo mwanzo wa ajali. Jiko lisilowaka halijamuunguza mtu bado. Kinachounguza ni gesi iliyokuwa ikitoka muda wote ule tuliokuwa tukijaribu kuliwasha, kisha kiberiti kikaja nyuma yake. Kwa hivyo mazungumzo yangu ya leo yana neno moja kubwa, na mengine yote ni ufafanuzi wake: funga kwanza, tafuta sababu baadaye.

Ndugu Wananchi,

Kwa miaka mingi chakula cha visiwa hivi kimepikwa kwa kuni, makumbi, vifuu na makaa. Tunayajua madhara yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 duniani walifariki kwa sababu zinazotokana na hewa chafu ya majumbani, ambayo sehemu yake kubwa ni moshi wa kupikia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi Mei 2024, umeweka lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Hapa kwetu, kila chungu kinachoinjikwa juu ya gesi ni mzigo mmoja uliopungua juu ya mikoko na misitu yetu michache.

Lakini mtu akishaogopeshwa na jiko lake, hulisukuma pembeni na kurudi kwenye makaa. Jiko likiwa limekataa kuwaka kwa sababu ya kitundu kilichozibwa na uji, nalo likawekwa stoo kwa woga, familia imepoteza fedha zake na imerudi kwenye moshi. Na yule asiyeogopa, akalipiga jiko vibiriti mpaka likubali, huyo yumo katika hatari kubwa zaidi. Baina ya woga na ujasiri usio na maarifa ipo njia ya tatu, nayo ni kulielewa jiko.

TABIA YA GESI YENYEWE

Gesi ya kupikia tunayonunua katika mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Ndani ya mtungi, gesi hiyo imeshindiliwa hata ikawa maji. Valvu inapofunguliwa, yale maji hugeuka hewa, na lita moja ya maji ya gesi hutoa yapata lita 250 za gesi. Ndiyo maana mtungi mdogo hupika siku nyingi, na ndiyo maana uvujaji mdogo huweza kujaza mahali pakubwa.

Tabia ya pili ni kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Propani ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya hewa, na butani hukaribia mara mbili. Ikivuja haipandi juu ikatoka kama moshi. Hushuka sakafuni, ikatambaa, ikajikusanya chini ya kabati, katika karo, katika shimo la maji machafu na katika vyumba vya chini. Mwenye kufungua dirisha la juu peke yake hajaitoa. Gesi hii hutolewa kwa mlango uliofunguliwa wazi hadi chini.

Tabia ya tatu ni kwamba kiasi kidogo kinatosha kushika moto. Hewa ikichanganyika na gesi kwa kiwango cha takriban asilimia 2, mchanganyiko huo unaweza kuripuka. Tuchukue mfano wa jiko la kupikia lenye urefu wa mita 3, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Gesi ya kiasi cha kilo moja tu inatosha kukifikisha chumba chote katika kiwango hicho. Na madhali gesi hutanda chini kwanza, sehemu ya chini hukifikia mapema zaidi, kabla hata kilo hiyo haijatimia.

Tabia ya nne ni kwamba gesi yenyewe haina harufu ya kutosha kututahadharisha. Harufu kali tunayoisikia, mithili ya kitu kilichooza, hutiwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Harufu hiyo ni onyo. Mwenye mafua na mzee ambaye pua yake imechoka huenda wasiisikie, na kwa hivyo harufu pekee isiwe ndiyo kinga yetu.

KANUNI YA SEKUNDE 15 NA DAKIKA 1

Ndugu Wananchi,

Ukifungua kifungo cha jiko na moto usiwake ndani ya sekunde 15, funga. Usiendelee kubonyeza kitufe cha cheche, na usikimbilie kiberiti huku gesi imeachwa wazi. Baada ya kufunga, ngoja angalau dakika moja kamili kabla ya kujaribu tena. Ikiwa ni oveni, fungua mlango wake na uuache wazi muda wote huo, kwani oveni ni sanduku, na sanduku huhifadhi gesi. Waliounguzwa nyusi na nywele mbele ya oveni aghalabu ni wale walioinama kuchungulia huku wameshika kiberiti.

Ukitumia kiberiti, utaratibu sahihi ni huu: washa kiberiti kwanza, kisogeze karibu na kichwa cha jiko, yaani kile kifuniko chenye vitundu vinavyotoa moto, kisha ndipo ufungue gesi. Anayefungua gesi kwanza halafu akaanza kutafuta kiberiti amegeuza mambo juu chini.

Na ikiwa harufu ya gesi inasikika kabla hata hujafungua kifungo, basi usijaribu kuwasha kabisa. Funga valvu ya mtungi. Fungua milango na madirisha. Usiwashe taa wala kuizima, kwani swichi hutoa cheche katika hali zote mbili. Usichomeke wala kuchomoa friji au feni. Simu itumieni nje ya nyumba. Watoeni watoto na wazee, muwatanabahishe jirani wasiwashe moto, na msirudi mpaka harufu imekwisha kabisa.

KUTAFUTA SABABU KWA MPANGO

Jiko likishafungwa na hewa ikawa safi, sasa tunaweza kutafuta sababu. Ushauri wangu ni kuifuata safari ya gesi yenyewe: tuanze kwenye mtungi, tupite kwenye regulata na mpira, tufike kwenye kifungo na nozeli, tumalizie kwenye kichwa cha jiko na cheche. Mwenye kuanza kufungua skurubu za jiko ilhali mtungi ni mtupu amejitaabisha bure, na huenda akaharibu kilichokuwa kizima.

Kwanza, mtungi. Je, gesi imo? Wengi hutikisa mtungi na kuusikiliza. Njia iliyo bora ni kuupima. Kila mtungi umechapwa uzito wake ukiwa mtupu, aghalabu kwenye shingo au kwenye mkono wake. Tuchukue mfano: mtungi wa gesi ya kilo 6 uliochapwa uzito mtupu wa kilo 7 hauna budi kufika kilo 13 unapojazwa. Ukipima na kukuta kilo 7 na kidogo, basi jiko halina ugonjwa wowote, gesi ndiyo imekwisha. Upimaji huu ufanyeni pia dukani siku ya kununua, mbele ya muuzaji, kwani ni haki ya mnunuzi. Asiye na mizani anaweza kumimina maji ya uvuguvugu ubavuni mwa mtungi na kupapasa kwa mkono: pale penye gesi ya maji pataendelea kuwa baridi, na juu yake patakuwa na joto. Lakini ni marufuku kuuchemshia mtungi maji ya moto au kuuweka karibu na makaa eti gesi ipande. Vilevile mtungi usilazwe wala kupinduliwa ili kukamua mabaki. Gesi ikitoka ikiwa bado ni maji, jiko huweza kutoa moto mkubwa usiotarajiwa.

Pili, valvu na regulata. Regulata ni kile kifaa kinachounganisha mtungi na mpira, na kazi yake ni kupunguza nguvu ya gesi hadi kiwango ambacho jiko la nyumbani linaweza kukipokea. Hakikisha imekaa sawasawa na imefungwa hadi mwisho, kwani nyingine hazipitishi gesi mpaka zishike barabara. Mitungi ya kampuni mbalimbali huwa na vinywa tofauti. Regulata isiyoingia kwa wepesi si ya mtungi huo, na isilazimishwe kwa nyundo, kwa koleo wala kwa kuzungushiwa nailoni. Katika kinywa cha valvu mna kipira kidogo cha duara kinachozuia uvujaji. Kikiwa kimekatika au hakipo, mtungi urejeshwe kwa muuzaji.

Hapa nataka kutaja kosa ambalo huonekana sana. Wapo wanaochukua regulata ya nguvu kubwa, iliyotengenezwa kwa majiko makubwa ya biashara, wakaifunga kwenye jiko la nyumbani kwa kudhani kwamba moto utakuwa mkali na chakula kitaiva upesi. Matokeo yake ni kwamba gesi hutoka kwa kasi mno, moto hurukia juu ya kichwa na kuzimika, na jiko huonekana kana kwamba linakataa kuwaka. Jiko hilo ni zima, lakini limelishwa kuliko uwezo wake, na mpira wake nao umebeba nguvu ambayo haukutengenezewa.

Kwa wenye mitungi ya kilo 6 ambayo kichwa cha jiko kimefungwa juu yake moja kwa moja, hakuna mpira wala regulata ya kukagua. Kagueni uzi wa kufungia kichwa na kile kipira cha duara, na mtungi uwekwe pahala palipo sawa, pasipopeperusha upepo.

Tatu, mpira. Mpira uliopindana, uliokanyagwa na mguu wa meza au uliobanwa na kabati hupunguza gesi, na moto ukawa hafifu au ukakosekana. Unyoosheni. Kisha utazameni kwa urefu wake wote na kuukunja kidogo kwa mikono. Ukiwa na mipasuko, umekuwa mgumu, umenata mafuta au una alama za meno ya panya, haufai tena. Mpira wa gesi una tarehe iliyochapwa, na ukipita muda wake ubadilishwe hata kama bado unapendeza machoni. Mpira wa maji wa bustani si badala yake, kwani gesi huulainisha na kuupasua. Ncha mbili za mpira zikazwe kwa vibano vyake vya chuma. Waya wa kufungia mizigo hautoshi.

Nne, nozeli na njia ya hewa. Nozeli ni kipua kidogo cha madini ya shaba chenye kitundu chembamba, ambamo gesi hupita kabla ya kuchanganyika na hewa. Baada yake ipo njia ya bomba fupi inayovuta hewa. Katika jiko lililokaa muda bila kutumika, buibui huingia katika bomba hilo na kutanda utando, na sisimizi na mende nao hufanya makazi. Gesi hukosa njia au hukosa hewa, na moto ukawa wa manjano, au ukarudi nyuma kwa mlio. Bomba husafishwa kwa brashi nyembamba baada ya mtungi kufungwa na mpira kufunguliwa. Ama nozeli yenyewe, isichokolewe kwa sindano wala msumari. Kitundu chake kimepimwa kwa uangalifu, na kikipanuliwa kidogo tu jiko litatoa gesi nyingi kuliko hewa yake. Hiyo ni kazi ya fundi.

Katika fungu hili nawatahadharisha pia wanunuzi wa majiko yaliyotumika yanayoletwa kutoka ng'ambo. Sehemu kubwa ya majiko ya Ulaya yametengenezwa kwa gesi asilia inayopita katika mabomba ya mji, na gesi hiyo ni tofauti na hii yetu ya mitungi. Nozeli za majiko hayo zina vitundu vikubwa zaidi. Ukilifunga jiko la namna hiyo kwenye mtungi, hutoa moto mrefu wa manjano wenye masizi, na kuliwasha ni hatari. Kabla ya kununua, soma kibandiko kilicho nyuma au chini ya jiko kinachoeleza aina ya gesi. Ikiwa si ya mitungi, jiko libadilishwe nozeli na fundi mwenye ujuzi, au usilinunue.

Tano, kichwa cha jiko. Nathubutu kusema kwamba majiko mengi yanayoitwa mabovu yana ugonjwa huu peke yake. Uji umefurika, maji ya wali yamechemka yakamwagika, tui limekauka juu ya vitundu, na gesi haipati pa kutokea. Vueni kifuniko kikiwa kimepoa, kiosheni kwa maji ya moto na sabuni, vitundu visuguliwe kwa brashi ya meno iliyochakaa, kisha kikaushwe kabisa. Kichwa kilichorejeshwa kikiwa na maji ndani yake kitakataa kuwaka vilevile, na mwenyewe akadhani kwamba usafi ndio uliokiharibu. Wakati wa kukirejesha, hakikisha kimekaa katika nafasi yake bila ya kuinama. Kifuniko kilichokaa upande hutoa moto upande mmoja, au hakishiki kabisa.

Sita, cheche. Ukibonyeza kitufe ukasikia mlio lakini gesi isishike, jaribu kwa kiberiti kwa ule utaratibu nilioueleza. Likiwaka, basi gesi ni salama na kasoro iko kwenye cheche. Hapa visiwani tuna adui wetu maalumu, nao ni unyevunyevu na chumvi ya bahari. Sindano ndogo ya chuma iliyo ndani ya kauri nyeupe hushika kutu na mafuta, na wakati wa masika cheche hupotelea katika unyevu badala ya kuruka kwenye kichwa. Ifuteni kwa kitambaa kikavu na muikwangue kutu kwa wepesi bila kuikunja. Kauri ikiwa imepasuka, ibadilishwe. Ikiwa jiko lina betri, ibadilisheni hiyo kabla ya kumwita fundi. Jiko ambalo cheche zake zimekufa linaweza kuendelea kutumika kwa kiberiti bila ya hatari, alimradi utaratibu unafuatwa.

Saba, moto unaowaka na kuzimika mara tu mkono unapoachia kifungo. Majiko mengi ya sasa yana kijiti cha usalama kilicho kandoni mwa kichwa. Kijiti hicho kikipata joto huiacha gesi ipite, na moto ukizimika hupoa na kuifunga gesi. Baada ya kuwasha, kifungo hakina budi kubonyezwa kwa sekunde 5 hadi 10 ili kijiti kipate joto. Ikiwa bado kinazimika, kisafisheni masizi. Ikiwa hata hivyo hakikubali, mwiteni fundi. Msikubali fundi yeyote akifunge kijiti hicho au akiondoe ili jiko liwake upesi. Atakuwa amekuondoleeni mlinzi wa nyumba yenu.

Nane, upepo. Nyumba zetu zimejengwa kupokea upepo, na ni vizuri. Lakini jiko lililowekwa mkabala na dirisha wakati wa kusi, au katika baraza ya ghorofa za Michenzani, hupeperushwa moto wake hata ukazimika, ilhali gesi inaendelea kutoka. Lihamisheni jiko, au lizuilieni upepo kwa ubao usioshika moto, bila ya kuziba hewa yote. Jikoni lazima pawe na hewa. Na katika nyumba za makuti, jiko liwekwe mbali na ukuta na paa.

MOTO MZURI NA UPIMAJI WA UVUJAJI

Ndugu Wananchi,

Jiko likishawaka, kazi haijaisha. Utazameni moto wake. Moto mzuri ni wa buluu, umetulia, na haupaki masizi chini ya sufuria. Moto wa manjano unaoyumba maana yake ni kwamba gesi haipati hewa ya kutosha na haiungui yote. Moto wa namna hiyo, katika chumba kilichofungwa, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la makaa ndani. Kwa hivyo moto wa manjano ni sababu tosha ya kuzima na kusafisha jiko.

Kila mara mtungi unapobadilishwa, viungo vyote vipimwe kwa povu la sabuni. Koroga sabuni katika maji kidogo, zima moto wote, fungua valvu ya mtungi huku vifungo vya jiko vimefungwa, kisha paka povu kwenye valvu, regulata, na ncha mbili za mpira. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Funga, kaza, pima tena. Ikiendelea kuvuja, mtungi utolewe nje penye hewa, na muuzaji aarifiwe. Kupima uvujaji kwa kiberiti ni kuukaribisha moto ndani.

Moto ukitokea kwenye jiko au kwenye kiungo, na valvu ikawa inafikika bila ya kuungua, ifungeni. Moto utakufa wenyewe kwa kukosa gesi. Ikiwa haifikiki, tokeni nje nyote, msirudi kuchukua chochote, na muwaite Kikosi cha Zimamoto na Uokozi. Mtungi unaochomwa na moto unaweza kupasuka kwa nguvu kubwa, na hakuna chombo cha nyumbani kinacholingana na roho ya mtu.

WAJIBU WA KILA MMOJA WETU

Napenda sasa kugawa wajibu. Mwenye nyumba ana wajibu wa kusafisha kichwa cha jiko, kukagua mpira, kupima kwa povu, kubadilisha betri, na kufunga valvu ya mtungi kila usiku na kila anaposafiri. Fundi ana wajibu wa kushughulikia nozeli, regulata iliyoharibika, valvu za vifungo na kijiti cha usalama. Asiyekuwa fundi asiguse mambo hayo manne. Valvu ya mtungi yenyewe isiguswe hata na fundi wa mtaani, bali irejeshwe kwa kampuni kupitia kwa muuzaji.

Muuzaji ana wajibu wa kumpa mnunuzi mtungi wenye lakiri yake, uliopimwa mbele yake, na kumwonesha jinsi ya kuufunga. Mnunuzi anayepewa mtungi pungufu au unaovuja, na muuzaji akakataa kuubadilisha, apeleke malalamiko yake kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati (ZURA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013.

Ndugu Masheha, kwenu ninyi nina ombi mahsusi. Jiko la gesi hufika katika nyumba nyingi kama zawadi ya harusi, au kama tunu kutoka kwa mtoto aliyeko mjini au ng'ambo. Hufika katika boksi lake, na maelezo yake yameandikwa kwa lugha ambayo bibi anayelipokea haisomi. Naomba katika kila shehia wapatikane watu wawili, mmoja wao mwanamke, watakaojifunza utaratibu huu na kuwaonesha jirani zao kwa vitendo, wakiwa jikoni. Mpishi aliyeoneshwa mara moja jinsi ya kupima kwa povu atakumbuka kuliko aliyesomewa karatasi mara kumi.

Na sote kwa pamoja tuwafundishe watoto maneno mawili matatu tu: harufu ya gesi, usiguse swichi, toka nje, mwite mtu mzima. Mtoto wa miaka sita anaweza kuyashika.

Ndugu Mwenyekiti,

Namalizia kwa kurejea neno nililoanza nalo. Jiko lisipowaka, funga. Hesabu dakika. Ingiza hewa. Kisha ifuate gesi kutoka mtungini hadi kwenye kichwa cha jiko, hatua kwa hatua, na mara nyingi utaikuta sababu yenyewe ni uji uliokauka, mpira uliopindana au betri iliyokufa. Futari ikichelewa kwa robo saa, tende na maji vipo, na wageni watangoja.



TANGAZO: Masheha wote wanaombwa kuubandika ukurasa huu katika mbao za matangazo za shehia zao, na walimu wa skuli wanaruhusiwa kuusoma mbele ya wanafunzi.